Naomba ushauri: maambukizi ya bakteria kwenye damu yalipungua kweli wakati wa UVIKO-19?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hasa mlio maabara na kwenye takwimu za afya.

Ninalinganisha majibu ya kuotesha damu (kipimo cha kutafuta bakteria kwenye damu) ya hospitali moja, kabla ya 2020 na kipindi cha barakoa, shule kufungwa na mikusanyiko kuzuiwa. Streptococcus pneumoniae, bakteria anayeleta nimonia, ameshuka sana. Hilo nalielewa: huenea kwa matone ya kikohozi, na nchi nyingi ziliona hivyo hivyo mwaka 2020, pamoja na kwa Haemophilus influenzae na Neisseria meningitidis, bakteria wengine wanaoenea kwa njia hiyo. Bakteria Streptococcus agalactiae, ambaye haenei kwa njia ya hewa, hakushuka, ndiyo maana naamini hatua zile zilisaidia.

Kinachonikwamisha ni E. coli, bakteria wa utumbo. Naye kapungua, ilhali mara nyingi hutokea kwenye njia ya mkojo au tumbo la mgonjwa mwenyewe. Barakoa ingemzuia vipi? Nahofia wagonjwa hawakuja tu. Tena maambukizi ya damu kwenye wodi ya mahututi yamepanda, hasa kwa wenye mirija kwenye mishipa mikubwa ya damu.

Nimeshaondoa majibu yanayojirudia ya mgonjwa mmoja, na bakteria wa ngozi walioota kwenye chupa moja tu, ambao huenda ni uchafuzi wa sampuli. Sampuli zilizochukuliwa baada ya saa 48 za kulazwa nimeziweka kando kama maambukizi ya hospitalini.

Sasa, ili nipate kiwango, idadi ya maambukizi niigawanye kwa siku za kulazwa au kwa idadi ya sampuli zilizooteshwa? Na nitautofautishaje upungufu wa kweli na ule wa watu kutokwenda hospitali?