Pesa za mama: benki ao chini ya godoro?

Mama Chantal, Louisville

Jambo yenu wote. Mama yangu alifika kutoka Lubumbashi, anafanya kazi ya usafi hotelini. Kila akilipwa, anatoa mshahara wote na kuufunga ndani ya kitenge chumbani. Nikimtajia benki ananiuliza, "Ya serikali gani?" Sasa amesikia kwenye WhatsApp kwamba uchumi wa Marekani utaanguka kama 1929 na serikali itakamata pesa za watu. Nimwambie nini? Na nikienda na noti zote hizo benki, haitaleta matatizo?

Baba Ilunga, Dayton

Mama Chantal, usimcheke mama. Aliyeishi Zaire ana haki ya kuogopa. Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 (pesa nayo iliitwa zaire kama nchi) zilifutwa ghafla, na aliyekuwa na gunia la noti hizo hakuruhusiwa kubadilisha zote. Januari 1993 ikatoka noti ya milioni 5. Waziri mkuu Tshisekedi akasema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora Kinshasa. Mwaka huohuo zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya 1. Ona lakini: waliopigwa 1979 ni hasa wale waliokuwa wameficha noti nyumbani.

Hiyo 1929 ya WhatsApp inasimuliwa nusu. Ni kweli, kati ya 1930 na 1933 benki karibu 9,000 za Marekani zilianguka, na wengi walipoteza akiba yao. Mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Rais mpya, Roosevelt, aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na kuanzia tarehe 6 akafunga benki za nchi nzima. Jumapili tarehe 12 akaingia redioni, akaeleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, benki inafanyia nini pesa ya mteja. Kesho yake zile zilizoonekana nzima zikaanza kufunguliwa, na watu wakapanga mstari kurudisha pesa walizokuwa wametoa. Mimi sehemu hiyo hunishangaza kila nikiifikiria. Sisi redio ya serikali ilipotaja pesa, kila mtu alikimbia sokoni kununua chochote.

Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya bima ya akiba, ile FDIC unayoiona imeandikwa mlangoni mwa benki. Ilianza Januari 1934 kwa dola 2,500 kwa mtu; leo ni dola 250,000 kwa mtu katika kila benki. Mfuko huo unachangiwa na benki zenyewe. Benki ikifa Ijumaa, mara nyingi Jumatatu mteja anapata pesa yake.

Na si yote aliyosikia mama ni uongo. Aprili 1933 serikali iliamuru watu wasalimishe dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa aunsi, kisha 1934 ikapandisha bei mpaka 35. Waliotii walikasirika, na mimi ningekasirika. Lakini mama hana dhahabu, ana dola.

Kuhusu kuzipeleka: noti zikizidi dola 10,000 kwa siku, benki inajazia serikali fomu. Fomu si kesi. Kesi ni kuzikatakata makusudi, leo 4,000, kesho 4,000, ili fomu isijazwe. Hilo ni kosa hata kama pesa ni ya jasho. Peleka zote mara moja pamoja na karatasi zake za mshahara. Na mkitaka kununua nyumba siku moja, mkopeshaji ataomba taarifa za akaunti za miezi ya karibuni. Pesa ya kitenge haina taarifa.

Jambo la mwisho: programu za simu zinazojiita kama benki si benki. Mwaka 2024 kampuni ya Synapse, iliyokuwa katikati ya programu hizo na benki, ilifilisika, na watu zaidi ya 100,000 wakashindwa kugusa pesa zao. FDIC inalipa benki ikianguka, hailipi programu ikianguka.

Yaya Mwamba, Liège

Ilunga, umesema vizuri ila usimpe mama moyo kupita kiasi. Huku Ulaya kiwango cha bima hiyo ni euro 100,000. Machi 2013 kule Cyprus, serikali ilitaka kwanza kukata hata akiba ndogo. Bunge likakataa, lakini benki zilikaa zimefungwa karibu wiki mbili, na wenye zaidi ya 100,000 katika benki kubwa kuliko zote walikatwa. Ugiriki 2015 mtu aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Mama abakize nyumbani ya kula wiki mbili. Si zaidi.

Papa Kalenga, Lubumbashi (Katuba)

Mnasifu 1933 ya Marekani. Hapa, miaka hiyohiyo shaba ilipoanguka bei, Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi warudi kijijini, na kijijini serikali ya Wabelgiji iliwangoja na mashamba ya lazima na kodi. Hakuna aliyewasemesha redioni. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ilipokufa, dawa yetu ilikuwa "départ volontaire" (kuacha kazi kwa hiari) ya 2003: wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi na miezi mingi ya mshahara ambao haujalipwa, walipewa bahasha moja na kwaheri. Wazee hapa mtaani mpaka leo wanadai. Basi mama aingie benki, lakini likelemba, ule mchango wa kupokezana wa wamama wa kanisa, asiiache. Ile inajua jina lake.

Mama Chantal, Louisville

Aksanti ba yaya. Nimemsomea yote. Ya Papa Kalenga ndiyo aliyoipigia makofi, maana marehemu baba alichukua bahasha hiyo. Amekubali twende benki Jumamosi, kwa sharti akaunti iwe na majina mawili, lake na langu. Bili ya umeme iko kwa jina langu peke yangu: benki itaikubali kuonyesha kwamba na yeye anaishi hapa, ao nitafute karatasi nyingine?