Naomba ushauri: CiviCRM na majina yanayojirudia

Habari wakuu. Tunaingiza majina ya wakulima wa mwani wa Mwambani, Tanga, kwenye CiviCRM (programu ya kutunza kumbukumbu za watu na wanachama) kutoka faili la Excel. Mtu mmoja anaingia mara mbili au tatu, na chanzo ni namba ya simu: huku 0712…, kule +255712…, na Excel ikila sifuri inabaki 712….

CiviCRM huondoa alama na nafasi kabla ya kulinganisha namba, lakini 0712 na 255712 bado huziona tofauti. Kuweka urefu kwenye kanuni ya kutafuta marudio hakusaidii, maana huhesabu herufi kuanzia mwanzo. Sisi tunahitaji tarakimu 9 za mwisho.

Nimefikiria kusafisha faili kwanza, safu ya simu iwe maandishi na zote zianze na 255. Hiyo haizuii anayejaza kwa mkono kesho. Je, kuna aliyeandika kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye CiviCRM) kinachotumia hook_civicrm_pre, sehemu ya kuchomeka msimbo wako, kurekebisha namba kabla haijahifadhiwa?

Lingine, na hili ndilo zito: mama na binti hutumia simu moja. Nikitegemea simu pekee, wataunganishwa kuwa mtu mmoja. Niongeze jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa, wakati wengi tarehe hawana?