Themostati inazima na kuwaka kila saa: mafundi AC acheni kutuuzia mpya, pimeni R na C (waya wa kuleta umeme na waya wa kuurudisha) kwanza!

Wakuu, hili limezidi sasa.

Mteja analalamika themostati yake ya waifai (kile kidude cha ukutani cha kupangia baridi ya AC) inazima na kujiwasha yenyewe. Fundi anafika, anaigonga kidole, anatoa hukumu: "Hii imekufa bosi, nunua nyingine." Inakuja nyingine kutoka Kariakoo, inafungwa kwenye waya zilezile, baada ya siku chache hali ni ileile. Multimita haijatoka kwenye begi! Kifaa ni kizima, kinakufa njaa ya umeme.

Na wauzaji msijifiche. Themostati ya volti 24 ni ya mitambo ya dakti (inayosambaza hewa kwa njia za darini) yenye transfoma yake juu ya dari. AC ya kawaida ya ukutani haina pa kuifunga, haina R wala C. Zile za ofisini zenye L, N (laini na nyutro za umeme mkubwa) na spidi tatu za feni zinapitisha volti 230 kwenye waya wa themostati. Funga ya volti 24 pale uone moshi. Swali moja tu kwa mteja, "una mashine gani?", linawashinda.

Haya, tupime. Weka multimita kwenye V yenye alama ya wimbi, gusa R na C nyuma ya themostati. Mashine ikiwa imepumzika usome 24 hadi 28. Halafu mwambie mtu aitishe baridi, yaani ashushe nyuzi mashine ianze kupoza, huku macho yako yakiwa kwenye namba. Ikiporomoka chini ya 20 kompresa inapoanza, umeshapata jibu, wala usiguse themostati.

Kama kwenye C hakuna waya kabisa, ndiyo balaa kubwa. Themostati inaiba chaji kidogo kidogo kupitia Y (waya wa kuwashia kompresa), na huku kwetu AC inanguruma karibu kutwa nzima, waifai nayo inakula. Betri ya ndani ikishuka kwenye volti 3.6 hivi, waifai inaondoka kwanza, kisha skrini. Ukiichaji kwa USB inafufuka siku moja mbili, inakufa tena. Fundi anaita "betri mbovu". Betri mbovu wapi!

Sasa angalia inazima WAKATI GANI, maana hapo ndipo siri ilipo.

Ikizima sekunde ileile kompresa inapoanza: ni transfoma, kontakta (swichi kubwa ya kuwashia kompresa) au umeme wa mtaa. Transfoma nyingi za mashine hizi zina sehemu mbili za kuingizia umeme, 208 na 240. Ikifungwa kwenye 240 halafu umeme wa mtaani ukashuka hadi 190, upande wa kutolea unapata volti 19 badala ya 24. Hamishia kwenye 208, 190 ileile inakupa karibu 22, na hata umeme ukipanda hadi 240 hutavuka 28. Kazi ya bisibisi, wakuu. Kisha zima breka, chomoa Y, pima koili ya kontakta: ohmu 8 hadi 20 hivi ni sawa. Ukisoma 1 au 2, koili imeungana ndani, inavuta transfoma nzima chini.

Ikifanya kazi vizuri, ikazima baada ya muda, ikarudi yenyewe, na mchezo ukazidi msimu wa masika: panda darini ukaangalie trei ya maji. Hewa ya Dar ina unyevu, mashine inatoa maji mengi, bomba la kutolea maji linajaa utelezi wa kijani na kuziba. Kwenye trei kuna swichi ya kuelea, na mara nyingi imeunganishwa kwenye waya wa R. Maji yakipanda inakata R, themostati inakufa. Maji yakishuka taratibu, R inarudi, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Hapo unabadilishiwa themostati wakati dawa ni kuzibua bomba kwa mashine ya kuvuta upande wa nje, kumwaga maji ya moto kiasi, na kuhakikisha trei imelalia upande wa tundu. Kuna wanaoichomoa kabisa hiyo swichi "isisumbue". Jipsamu ikianguka sebuleni msilie.

Masaki, Msasani na Kigamboni, karibu na bahari, ongezeni chumvi: fungua bodi ya mashine, ukikuta ncha za waya zimeota kutu ya kijani, kata, menya upya milimita 10, kaza.

Mnaotetea huu upuuzi njooni na vipimo.

Jibu:
Mkuu, hasira yako naielewa ila usituchanganye wote kapu moja. Nyumba nyingi mjenzi amevuta waya wa intaneti badala ya waya wa themostati. Ule ni mwembamba mno: mita 20 kwenda na 20 kurudi ni zaidi ya ohmu 3, na kontakta inapovuta kwa nguvu volti kadhaa zinapotelea njiani. Ule wa bei rahisi si hata shaba tupu, ni alumini iliyopakwa shaba, unakatikia kwenye skrubu. Ukimwambia mwenye nyumba uvute mpya wa karibu milimita 1 ya mraba, anakataa dari isiguswe.

Mwenye uzi:
Kwenye waya nakuunga mkono. Ila kabla ya kugusa dari, vuta themostati ukutani uangalie kama kuna waya wa ziada umekunjwa nyuma. Upo mara nyingi, ufunge C pande zote mbili. Haupo? Zima breka zote mbili, hamisha waya wa G (wa kuwashia feni) uwe C kwenye themostati na kwenye bodi, kisha kwenye bodi unganisha Y na G kwa kipande kifupi. R isiguse C, fyuzi ya ampea 3 au 5 itaondoka, na kwenye mashine zisizo na fyuzi itaondoka transfoma. Mwambie mteja mapema: kuanzia hapo feni haitawaka peke yake bila baridi.