Tupeane uzoefu: wakili wa kesi ya jinai Unguja na Pemba mlimpataje?

Mtoto wa Jang'ombe (mwanzisha mada)
Asalaam alaykum jamani. Mambo ya talaka na mirathi kwa Kadhi kila nyumba ina bibi wa kumuuliza. Ikija jinai, watu wote kimya. Shemegi yangu kafunguliwa kesi ya wizi wa kuaminiwa pale kazini kwake, na kila anayekuja kutupa pole anakuja na jina la wakili wake. Waliopitia haya watueleze: mlimpata kwa njia gani, mlimuuliza nini, na malipo yalikwendaje. Majina ya mawakili msitaje, wala la mtu mwenye kesi.

Kijana wa Michenzani
Waalaykum salaam. Kwetu ami alishikilia tuchukue wakili wa Dar mwenye jina kubwa. Tukampigia, tukaanza hata kuchangishana nauli yake. Rafiki yangu mmoja anayesomea sheria akatuuliza swali moja tu: huyo yumo kwenye orodha ya mawakili wa Zanzibar? Hayumo.

Watu wengi hawalijui hili. Mahakama zetu ni zetu, kuanzia ya Mwanzo, Wilaya, Mkoa mpaka Mahakama Kuu. Tunakutana na Bara kwenye Mahakama ya Rufani tu. Chama chao ni Tanganyika Law Society, chetu ni Zanzibar Law Society, na kuwa wakili wa kule peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kusimama huku. Sheria nazo ni mbali: sisi tuna Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya mwaka huohuo. Mtu akikusomea vifungu vya Bara kwa kesi iliyoko mahakama ya Mwanakwerekwe anakupotezea wakati.

Mwisho tulimpata kijana wa hapahapa, hana gari wala ofisi ya kioo. Nilikwenda kukaa nyuma mahakamani siku aliyokuwa na kesi ya mtu mwengine, nikamtizama. Upande wa mashtaka wakaomba tena tarehe, upelelezi haujakamilika. Akasimama, akataja tarehe zote zilizopita moja moja bila kufungua faili, akaomba iwe ahirisho la mwisho. Hakimu akaandika. Nikasema basi, huyu anatutosha. Mahakama ni ya wazi, hakuna anayekuzuia kwenda kuangalia, na mie naona hiyo inashinda sifa za barazani zote.

Mama Chake
Sisi wa Pemba tuna mtihani wetu. Mawakili wengi wanakaa Unguja, kwa hivyo kabla hujauliza ada uliza nani analipa boti, nani analipa pa kulala, na kesi ikighairishwa asubuhi ile huku yeye keshafika Chake Chake, nauli ile imekwenda na nani? Mwanangu alipigana na mwenzake uwanjani, mwenzake akavunjika mkono, ikawa kesi. Wakili wa mwanzo alinitajia bei kwenye simu hata jina la mtoto hajaliuliza. Nikamshukuru nikakata.

Msaidizi wa sheria wa shehia yetu, yaani mtaa unaosimamiwa na sheha, ndiye aliyenielekeza Kituo cha Huduma za Sheria, wana ofisi hapa Chake. Dada niliyemkuta alitaka kwanza hati ya mashtaka. Nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu, akaikuza, akawa anaipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Akaniuliza, "Mama, hapa wameandika saa mbili usiku. Uwanja ule una taa?" Hauna. Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayesoma.

Shangani2
Akikwambia "hakimu yule ni mtu wangu", inuka uondoke. Ama ni muongo, ama anakuingiza kwenye kesi ya pili, ya rushwa.

Mstaafu wa Kotini
Nimekaa na mafaili miaka mingi, ntasema mawili.

La kwanza, watu hutafuta wakili mtu keshafikishwa mahakamani. Wamechelewa. Kesi nyingi huharibikia kituo cha polisi, pale mtuhumiwa anapoandikishwa maelezo na kutia saini asichokisoma. Wakili mtafute siku hiyohiyo aliyoshikwa. Kama bado hajapatikana, mwambie ndugu yako asome kila ukurasa, na asichokisema asikitie saini.

La pili, dhamana. Nimeona watu wakitozwa pesa "za dhamana" na mawakili na hata wasiokuwa mawakili, wale wanaozurura nje na bahasha mkononi. Dhamana huamuliwa na mahakama. Mnachotakiwa ninyi kwa kawaida ni wadhamini wenye vitambulisho vya Mzanzibari na barua ya sheha, na mara nyingi mmoja wao awe mfanyakazi wa serikali. Na si kila kosa lina dhamana. Kuua kwa kukusudia na kubaka hayana, kwa hivyo anayekuahidi kumtoa mtu wa kesi hiyo kwa wiki moja anakula pesa yako.

Bi Fumba
Malipo: andikianeni. Sisi tuligawa mafungu, la kuanza, la mashahidi wa upande wa mashtaka, la utetezi. Kila fungu risiti. Na uliza rufaa imo au haimo, maana ndugu zangu walidhani imo.

Mtoto wa Jang'ombe
Ahsanteni sana. Mzee Mstaafu, huyu msaidizi wa sheria aliyemtaja Mama Chake anaweza kusimama mahakamani badala ya wakili? Hali yetu si nzuri.

Mstaafu wa Kotini
Hawezi. Kazi yake ni kukushauri na kukuelekeza. Lakini tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya 2018, kwa ajili ya wasio na uwezo. Mwambie shemegi apate barua ya sheha inayoeleza hali yake, achukue na nakala ya hati ya mashtaka, muende kuomba mpangiwe wakili. Tarehe ya kutajwa ni lini?

Mtoto wa Jang'ombe
Jumatatu.

Mstaafu wa Kotini
Basi kwa sheha nenda leo, kabla ya alasiri.