Baba alikatwa neva za tumbo zamani, sasa homoni ya gastrini iko juu. Naombeni ushauri

Mwana Pangani: Wakuu, shikamooni. Baba ana miaka 74. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipasuliwa kwa vidonda vya tumbo, wakamkata neva na kumpanulia mlango wa kutokea mfuko wa chakula. Amekuwa salama, ila akila kidogo tu tumbo linajaa. Juzi majibu ya damu yameonyesha gastrini iko juu. Jirani kasema huenda ni uvimbe unaotoa homoni, na tangu hapo mama halali. Baba anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kila asubuhi. Upasuaji ule unaweza kuwa ndio chanzo?

Dkt Zamu ya Usiku: Pole sana ndugu, mpe pole na mama. Ndiyo, unaweza.

Mwana Pangani: Daktari, hapo ndipo sielewi. Neva imekatwa, homoni si ingeshuka?

Dkt Zamu ya Usiku: Neva aliyokatwa, ya vegasi, ndiyo inayohimiza tumbo kutoa asidi. Ikikatwa, asidi inapungua sana. Sasa, kuna seli zinazoitwa G, ziko sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, ndizo zinazotoa gastrini, homoni ambayo nayo huhimiza asidi. Breki yao ni asidi yenyewe: ikiwa nyingi, seli jirani za D hutoa somatostatini na kuzituliza. Asidi ikikosekana, breki inalegea, seli za G zinafanya kazi bila kupumzika na hata kuongezeka idadi. Omeprazoli nayo inapunguza asidi, kwa hiyo mzee ana sababu mbili za gastrini kupanda.

Uvimbe anaoutaja jirani upo kweli, lakini wenye nao huwa na asidi nyingi mno. Kwa hiyo ombeni wampime asidi ya tumbo. Gastrini juu na asidi kidogo, picha ni tofauti kabisa.

Mtu wa Maabara: Alipimwa akiwa amefunga? Chakula chenyewe hupandisha gastrini. Na omeprazoli asiisimamishe kwa uamuzi wa nyumbani, daktari wake ndiye apange.

Bi Mkubwa Tanga: Mume wangu alifanyiwa hiyohiyo. Kilichomsumbua ni upungufu wa damu, ikaonekana vitamini B12 na madini ya chuma viko chini. Mpimeni na hivyo, mwanangu.

Mzee Kitabu: Upasuaji huu wa kukata neva ulienezwa na daktari mpasuaji Dragstedt kule Chicago kuanzia mwaka 1943. Siku hizi ni nadra, kwa sababu watafiti Marshall na Warren walionyesha kuwa bakteria wa H. pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda, wakapewa Nobel mwaka 2005. Mzee amewahi kupimwa bakteria huyo? Naye akikaa tumboni muda mrefu hupandisha gastrini.

Mwana Pangani: Hajawahi. Na damu ilichukuliwa baada ya chai na mihogo, mama kanithibitishia sasa hivi. Jumatatu tunarudi kliniki, nitaomba warudie akiwa amefunga, wapime na asidi, B12 na huyo bakteria. Mungu awabariki.