Mswada umefikia wapi? Maneno 3 tu, miezi 10 hakuna wa kunijibu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Leo alfajiri hapa dikoni kwetu, pahala tunapoteremshia samaki, Pemba, mvuvi mwenzetu, mtu mzima aliyepita miaka 60, kachukuliwa jarife lake lote, yaani wavu wake mkubwa wa kuvulia, na kuambiwa kavunja sheria. Akauliza sheria gani. Akajibiwa sheria mpya. Akauliza imeanza lini. "Imeshaanza, mzee wangu. Kamuulize katibu wenu, yeye alikuwepo kwenye kikao."

Katibu wenyewe ni mie. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, maji yananifika magotini, watu wote wananitazama, na sikuwa na jibu.

Nianze mwanzo mpate kufahamu. Miezi 10 iliyopita kamati yetu ya wavuvi iliitwa kutoa maoni juu ya mswada. Siutaji jina, wala siitaji ofisi iliyotuita, kwa sababu nikitaja tu uzi huu utageuka kuwa wa vyama na jambo lenyewe litazama. Tulikwenda watu 14 kutoka madiko matatu. Wengine walikuwa dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, wakarudi kwa ajili hiyo peke yake, na ilikuwa kiza cha mwezi, siku ambazo mvuvi hakai nyumbani. Tukakaa ukumbini tangu saa 3 asubuhi mpaka adhuhuri, nakala moja ya mswada kwa watu watatu, tukausoma kifungu kwa kifungu. Tulipofika penye jarife tukasema: hatukatai kulinda bahari, ila tupeni muda. Mtu aliyenunua nyavu kwa mkopo asiambiwe leo azitupe leo. Apewe mwaka mmoja amalize deni. Bwana aliyekuwa akiandika akainua kichwa, akasema, "Hoja nzuri, tumeichukua." Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaliona daftari lake. Kaandika "jarife, mwaka 1" na akapiga mstari chini yake. Tukasaini mahudhurio, tukapewa nauli, tukarudi.

Tangu siku ile sijauona tena ule mswada ukiwa hai.

Baada ya miezi miwili nikapiga simu. "Uko kwenye hatua." Hatua gani? "Hizi hatua za kawaida, bwana." Mwezi wa nne tangu kikao nikapanda gari kutoka Wete mpaka Chake Chake, kijana wa mapokezi akaniambia, "Ami, hilo si letu tena, limeshakwenda Unguja." Kwa nani Unguja? Hajui. Mwezi wa sita nikavuka kwa shughuli zangu za kifamilia, nikapita nilipoelekezwa. Mama mmoja mwenye heshima zake akanipokea vizuri, akatafuta faili, akaniambia mswada umerudishwa kufanyiwa marekebisho. Umerudishwa na nani? Anayejua yuko likizo. Mwezi wa nane nikaambiwa niingie kwenye tovuti. Nikaingia. Nikakuta orodha ya miswada: jina, na pembeni neno "pakua". Hakuna tarehe. Hakuna uko kamati gani, umesomwa mara ngapi, umesainiwa au bado. Nikapakua. Kurasa zimepigwa picha zikiwa ubavu, bando langu la wiki likaishia hapo, na ndani ni nakala ile ile tuliyopewa ukumbini. Mwaka mmoja wetu haumo. Sasa niambieni: ule ndio uliopita, au ni wa mwanzo na uliorekebishwa uko kwengine? Ukurasa wenyewe hausemi.

Na msinambie kwamba mambo haya ni mazito kwa mtu wa pwani. Njia ya mswada inajulikana. Ukipelekwa Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge letu la Zanzibar, Chukwani, Unguja, unachapishwa katika Gazeti Rasmi, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati ya kudumu, unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu Baraza likikaa kama kamati, unasomwa mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais wa Zanzibar kutiwa saini. Bunge la Dodoma nako njia ni hiyo hiyo kwa sehemu kubwa, na saini ni ya Rais wa Muungano. Kila hatua katika hizo ina siku yake. Kuna karatasi ya shughuli za siku, kuna Hansadi, yaani kumbukumbu za maneno yanayosemwa kikaoni, kuna mtu anayelipwa mshahara kuziandika tarehe hizo. Kwa hiyo tarehe zipo! Kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya pahala pamoja na kuandika mbele ya jina la kila mswada: upo hapa, tangu siku hii.

Wengine mtasema si mnasikiliza Baraza redioni? Tunasikiliza, tukiwa nchi kavu. Lakini mswada hausemwi siku moja ukaisha. Leo husomwa jina tu, unazama kwenye kamati kwa wiki au miezi, unaibuka siku ambayo wewe uko baharini. Na huko kwenye kamati ndiko maneno yanakobadilika. Pana kitu kinaitwa jedwali la marekebisho, karatasi inayosema kifungu hiki kifutwe, hiki kiongezwe maneno haya. Asiyeiona karatasi hiyo, hata akiwa na mswada mkononi, ameshika kitu ambacho pengine si chenyewe tena. Mie hiyo karatasi ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Nataka kujua ule mwaka mmoja uliingia, au uliishia kwenye daftari la yule bwana.

Halafu kuna tarehe ya kuanza, na hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa. Kupitishwa si kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipita Dodoma Novemba 2022 lakini imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria nyingi za Bara huacha kazi ya kutaja siku kwa Waziri, kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Za kwetu Zanzibar nyingi zimeandikwa kwamba zitaanza mara tu Rais akishatia saini. Maana yake mtu anaweza kulala jarife lake halina tatizo na akaamka ni mkosaji. Katika utaratibu kama huo, kujua mswada umefikia wapi si anasa ya wasomi. Ndiyo onyo pekee ambalo mvuvi angelipata.

Sisi watu wa bahari mzigo wetu ni maradufu. Uvuvi wa huku karibu si jambo la Muungano, unatungiwa sheria Chukwani. Ukishatoka maili 12 za baharini kwenda mpaka 200, umeingia bahari kuu, na huko sheria ni ya Bunge la Muungano: Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi wa Bahari Kuu ya 2020. Bahari ni moja, chombo ni kimoja, ila miswada ya kufuatilia inapita nyumba mbili, moja Unguja na moja Dodoma. Ndiyo maana kila jimbo katika majimbo 18 ya Pemba lina Mwakilishi na lina Mbunge. Watu wawili wa kuwauliza, na bado hatujui.

Na lipo jambo ambalo nawaomba wanasheria mlioko humu mlizungumze. Ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inaeleza ni wakati gani sheria ya Bunge itatumika Zanzibar. Kifungu cha 132 cha Katiba yetu ya 1984 kinataka sheria ya Bunge ihusu mambo ya Muungano tu, na kinamtaka Waziri anayehusika aiwasilishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Vizuri sana. Je, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuiona orodha ya sheria zilizowasilishwa kwa mujibu wa kifungu hicho, moja moja na tarehe yake? Kama ipo, iwekeni hapa, nitaichapisha kwa pesa zangu na kuibandika dikoni. Mtu wa Wete akikamatwa kwa sheria iliyopita Dodoma, ataijuaje kwamba ilifuata njia hiyo?

Mtanambia nidai kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Isomeni tena. Ile ni ya Tanzania Bara. Mwenzangu wa Tanga, ambaye tunaonana naye baharini, anaweza kuandika barua kwa sheria hiyo na ofisi ikabanwa kumjibu. Mie nikiiandika nachekwa. Mie nimebaki na kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar, kinachompa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Kama nyavu si maisha na shughuli za mvuvi, basi sijui kifungu kile kiliandikiwa nani.

Kuna msemo nimeusikia ofisini kwa masikio yangu: wananchi hawasomi miswada. Nimeumia sana kwa maneno yale. Mwaka 2011 uliletwa mswada wa mabadiliko ya Katiba, umeandikwa Kiingereza, kwa hati ya dharura. Watu hawakusoma? Walisoma, wakaukataa, Bara na hapa Zanzibar, kwa kishindo. Ukarudishwa, ukaandikwa kwa Kiswahili, ukapita Novemba mwaka ule ule. Wananchi wakipewa nafasi ya kuona kitu kingali njiani, wanasema. Sisi 14 tuliacha bahari na kukaa ukumbini mpaka adhuhuri kwa sababu tulitaka kusoma.

Ninachodai hakihitaji wafadhili wala semina ya hotelini. Majirani zetu Kenya, Bunge lao la Taifa linatoa jedwali: jina la mswada, nani kauleta, umechapishwa lini, umesomwa mara ya kwanza lini, ya pili lini, ya tatu lini, umesainiwa au bado. Karatasi za mistari tu, mtu wa darasa la saba anafahamu. Sisi kila shehia ina sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Tangazo la chanjo likitoka Unguja asubuhi, jioni liko kwa sheha. La usafi hivyo hivyo. Basi karatasi ya miswada nayo ipite njia hiyo hiyo, kila kikao cha Baraza na cha Bunge kinapomalizika. Na kila aliyeitwa kutoa maoni, maana nambari zetu za simu walizichukua siku ile kwenye mahudhurio, atumiwe ujumbe: mswada uliotoa maoni umefika hapa, hoja yako imekubaliwa au imekataliwa, na sababu ni hii. Nambari 14 tu. Hilo nalo linashinda?

Mie hata jibu la "hoja yenu imekataliwa" ningelipokea. Ningewaita wenzangu chini ya mti wa mkungu, nikawaambia, jamani tumeshindwa, anzeni kuuza majarife mapema kabla hayajawa hasara. Wangelinitukana, lakini wangejiandaa. Kunyamaziwa ndiko kulikotufanya tuamini kwamba muda tumepewa. Wawili katika wale 14 waliongeza nyavu mwezi wa tano, kwa mkopo, kwa kutegemea neno la yule bwana na neno langu mie. Neno langu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema nimfuate Mwakilishi, nimeshampigia, kaniahidi ataangalia, na namuamini, ila nauliza wavuvi wangapi wana nambari ya Mwakilishi wao. Aliyesema labda sheria yenyewe bado haijasainiwa na jarife limechukuliwa kimakosa: ndugu yangu, hata mie nimeliwaza hilo, na ndiyo hasira yangu yote. Kama bado, aliyechukua hana haki. Kama tayari, mzee hana nyavu. Na kati ya haya mawili hakuna mtu Pemba nzima aliyeweza kuniambia leo ni lipi, tangu alfajiri mpaka nilipokwenda kuswali isha.

Aliyeniuliza hali ya mzee: nimetoka kwake sasa hivi. Jarife lake wamelifungia stoo, kapewa kipande cha karatasi chenye muhuri na nambari, kakiweka ndani ya msahafu kisipotee. Deni lake linataka malipo Ijumaa. Hakunilaumu. Kaniuliza jambo moja tu: "Ule mwaka mmoja waliouandika siku ile, umo au haumo?" Nikamwambia, "Ami, kesho nakwenda tena Chake." Mwenye nakala ya mwisho ya mswada wowote wa uvuvi uliopita miezi hii 10, yenye jedwali la marekebisho, aniletee faragha. Gari ya kwanza inatoka Wete saa 12 asubuhi, na nitakuwemo.