Mama na bibi wote wamepatwa na Alzheimer. Je, mabinti tuko hatarini kuliko kaka zetu?

BintiWaMwisho
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Mama yangu ana miaka 74, na huu ni mwaka wa tatu tangu tuambiwe ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Bibi mzaa mama naye alifariki akiwa hamtambui mtu, ingawa wakati ule tulisema ni uzee tu, amerudi utotoni. Mimi nina miaka 48. Hedhi imeanza kuruka miezi, na tangu mwaka jana maneno yananipotea katikati ya mazungumzo. Juzi nilisimama mbele ya kabati, mkono uko kwenye kitasa, sijui nimefuata nini. Nililia pale pale.

Kaka yangu anasema ugonjwa huu kwetu unafuata wanawake, yeye haumhusu. Na kwa kauli hiyo hiyo, kazi yote ya kumuuguza mama imebaki kwangu. Nina binti wa miaka 20. Ni kweli unafuata wanawake? Nipime vinasaba? Na huku kusahau kwangu ndiko kumeshaanza?

NesiMstaafu
Pole sana mwanangu. Nimehudumia wazee wa aina hii miaka mingi, nitakujibu kwa ninachokijua.

Kaka yako amekosea. Jeni (kinasaba) inayotajwa zaidi kwa wanaougua uzeeni inaitwa APOE, iko kwenye kromosomu ya 19, moja ya nyuzi zinazobeba jeni mwilini. Ina aina tatu: e2, e3 na e4, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kromosomu hiyo haihusiki na jinsia. Kama mama ana e4 moja, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Nakala moja huongeza hatari takriban mara 2 hadi 3, na mbili huiongeza zaidi ya hapo. Hata hivyo wapo wanaozeeka na e4 wakiwa na akili timamu, na wapo wanaougua bila kuwa nayo.

Tofauti ya jinsia inakuja baada ya kurithi. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliounganisha taarifa za watu karibu 58,000. Kwa umri wote wa miaka 55 hadi 85, wanaume na wanawake wenye e3 moja na e4 moja walikuwa na hatari inayolingana. Lakini ukitazama miaka 65 hadi 75 peke yake, wanawake walikuwa juu. Watafiti wengi wanashuku kupungua kwa estrojeni hedhi inapokoma, maana homoni hiyo husaidia ubongo kutumia sukari.

MwanaWaKwanza
Dada, huyo kaka mwambie kwetu aliyeugua ni baba. Mimi ni mwanamume na nimemvalisha shati baba yangu kila asubuhi kwa miaka 6.

Ni kweli wagonjwa wengi ni wanawake. Marekani ni karibu theluthi mbili. Lakini sehemu kubwa ya sababu ni kwamba wanawake wanaishi zaidi, na umri ndio unaobeba ugonjwa huu. Wanaume wengi moyo unawaondoa kabla kumbukumbu haijaanza kuyumba. Huenda hata babu zako walikuwa na hiyo e4, ila hawakufika umri wa kuionyesha.

Msomaji_Usiku
Lakini upande wa mama si wa kupuuza. Mwaka 2024 zilichapishwa picha za ubongo za watu zaidi ya 4,400 wasio na dalili. Waliokuwa na mama aliyepoteza kumbukumbu walikuwa na protini ya amiloidi, ile inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, nyingi zaidi kuliko wengine. Kwa upande wa baba, uhusiano ulionekana kama baba alianza kuugua mapema tu. Na hayo yanamgusa kaka pia, kwa kuwa mama huyo ni wake vilevile.

Tausi48
Nataka kusema jambo moja, maana lilitugharimu.

Mama yangu alipelekwa kupimwa mara ya kwanza, akatajiwa orodha ya maneno, akaambiwa ayarudie baada ya dakika chache. Akayataja karibu yote. Tukaambiwa yuko sawa. Nyumbani alikuwa anaweka chumvi mara tatu na kulipa deni moja mara mbili. Ilipita miaka miwili ndipo akashindwa kile kipimo, na kuanzia hapo aliporomoka kwa kasi iliyotutisha. Baadaye nikaelewa: wanawake kwa kawaida huwashinda wanaume katika kukumbuka maneno, maisha yote. Akiba hiyo inaficha ugonjwa wakati ubongo umeshaharibika. Kwa hiyo dada, ukienda kwa daktari usitegemee alama za karatasi tu. Nenda na mtu unayeishi naye, aeleze anachokiona.

Amani_77
Kama ni estrojeni, si atumie tu vidonge vya homoni?

NesiMstaafu
Hapana, asianze kwa sababu hiyo. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake waliopewa estrojeni na projestini (homoni nyingine ya kike) wakiwa na miaka 65 au zaidi, hatari yao ya dimensia, yaani kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iliongezeka maradufu. Kuzitumia mapema kwa ajili ya joto la ghafla na kukosa usingizi ni suala jingine, la kuzungumza na daktari.

BintiWaMwisho, kusahau maneno katika kipindi chako ni kawaida sana, na kwa wengi hupungua baadaye. Pima tezi ya shingo, vitamini B12, presha na sukari. Sema wazi kama huna usingizi au una huzuni, maana kuuguza peke yako kunatosha kuvuruga kumbukumbu.

Kuhusu vinasaba: ile aina ambayo jeni moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Mama yako alianza akiwa na zaidi ya hapo. APOE haitakwambia utaugua au hutaugua, kwa hiyo usipime kabla ya kukaa na mshauri wa vinasaba. Na usimpimie binti yako. Yeye ni mtu mzima, ataamua mwenyewe.

BintiWaMwisho
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nitaenda na binti yangu, aeleze anachokiona kwangu. Kaka nimemtumia uzi huu. Ameandika neno moja tu: "Jumamosi nakuja kukaa na mama, wewe ulale."